Nani wa Mwisho Kati Yetu?

Hapa Nyarugusu kuna ubishi usioisha. Vijana wa Kongo na wa Burundi wakikaa pamoja, iwe uwanjani au kwenye foleni ya mgao, hakosi mmoja wa kusema, "Nyinyi nchi yenu ni ya mwisho duniani." Mwenzake anajibu, "Na nyinyi je? Mna dhahabu, mna kobalti, mbona tunapanga foleni moja?" Mara nyingi wanacheka. Siku nyingine hawacheki. Kazi yangu ni ya vijana, na mimi ni Mkongomani, kwa hiyo ubishi huu naujua kutoka ndani. Nataka tuutazame kwa namba, maana namba zipo.

Orodha wanayoitaja ipo kweli. Tangu 1990, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, linapanga nchi kwa mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma miaka mingapi, na wana kipato gani. Aliyeongoza kazi hiyo mwanzoni alikuwa mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, aliyetaka nchi zisipimwe kwa pesa tu. Katika ripoti ya 2023/24, kati ya nchi 193, Kenya ilikuwa ya 146, Uganda ya 159, Rwanda ya 161, Tanzania ya 167, Kongo ya 180 na Burundi ya 187. Basi Wakongomani wanapiga makofi, tumewazidi nafasi saba! Jamani, kati ya 180 na 187 kuna wa kushangilia kweli?

Shida ya orodha ni kwamba inachanganya vitu vingi kwenye sufuria moja. Ukivitoa kimoja kimoja, unaona mambo mengine kabisa.

Tuanze na akina mama. Kila baada ya miaka kadhaa nchi zetu zinafanya utafiti wa afya nyumba kwa nyumba. Kujua ni wanawake wangapi wanakufa kwa uzazi, wahojaji wanamuuliza mwanamke habari za ndugu zake wa kike waliozaliwa tumbo moja naye: yupi yuko hai, yupi amefariki, na je, alifariki akiwa mjamzito, akijifungua, au muda mfupi baada ya hapo? Kwa hiyo ile namba unayoiona kwenye karatasi imetoka kwa dada anayemtaja dada yake. Tuisome kwa heshima.

Utafiti wa Kongo wa 2013-14 ulipata vifo 846 katika kila vizazi hai 100,000. Wa Burundi wa 2016-17 ulipata 334. Kwa watoto, Kongo walikufa 104 kati ya kila 1,000 kabla ya kufika miaka mitano, Burundi 78. Kwa chanjo, Burundi watoto 85 kati ya 100 walikuwa wamepata zote za msingi. Kongo walikuwa 45, hata nusu hawafiki. Yaani ile nchi ndogo tunayoicheka, isiyo na migodi ya kobalti kama yetu, ilikuwa inawashinda wenye migodi katika kumlinda mama na mtoto.

Wengine watasema ni kwa sababu Kongo ni kubwa na hospitali ziko mbali. Ni kweli kwa sehemu. Lakini angalia hapa. Katika utafiti huohuo wa Kongo, watoto 80 kati ya 100 walizaliwa kwenye kituo cha afya. Tanzania, mwaka 2015-16, walikuwa 63 tu, na bado vifo vya akina mama vya Tanzania vilikuwa 556, pungufu ya vile vya Kongo. Sasa mama amefika kituoni, mbona anakufa? Kwa sababu kufika kituoni si kupona. Akitokwa damu nyingi, anahitaji dawa ya kuizuia, damu ya kuongezewa, mtu anayejua kupasua, na barabara ya kumfikisha kwa huyo mtu. Jengo lenye kitanda na mkunga ambaye hajalipwa mshahara linahesabika kama kituo, lakini usiku wa manane linaweza lisimsaidie. Na kwetu bili nayo ni ugonjwa. Mkongomani yeyote mtu mzima anajua habari za mama aliyejifungua salama halafu akazuiliwa wodini na kichanga chake mpaka familia ilete pesa.

Burundi nayo ilikuwa na desturi hiyo. Mwaka 2006 serikali ikatangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure. Vituo vilijaa, wauguzi wakazidiwa, dawa zikawa zinaisha. Hata hivyo mama maskini aliacha kuogopa mlango. Rwanda ilipita njia nyingine: bima ya jamii, ile wanayoiita mituweli, na wahudumu wa afya wanaochaguliwa na majirani zao katika kila kijiji. Mwaka 2000 vifo vya uzazi Rwanda vilikuwa 1,071, vingi kuliko hivyo vya Kongo nilivyovitaja. Kufikia 2019-20 vilikuwa 203. Hiyo ni nchi iliyotoka kwenye mauaji ya kimbari ya 1994. Tanzania nayo, katika utafiti wa 2022, imeshuka mpaka 104. Kwa hiyo anayesema "Afrika ndivyo tulivyo" hajaangalia hata majirani.

Hapo vijana wa Burundi wanaosoma makala hii wameshaanza kutabasamu. Subirini kidogo.

Kuna kipimo kinaitwa udumavu: mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya kukosa lishe na kuugua mara kwa mara tangu tumboni mpaka miaka miwili. Si suala la urefu tu, linagusa hata ubongo. Burundi, mwaka 2016-17, watoto 56 kati ya 100 walikuwa wamedumaa, na ni nchi chache duniani zilizofika huko. Mashamba ni madogo, familia ni kubwa, na sahani ya mtoto ina wanga mwingi kuliko kitu kingine. Kongo, 2013-14, walikuwa 43. Wakongomani, makofi tena?

Ngoja. Hiyo 43 ni ya Kongo nzima. Kinshasa walikuwa 17. Kivu ya Kusini, kwetu, tulikotoka wengi wetu tulioko hapa, walikuwa 53. Kati ya Kivu ya Kusini na Burundi tofauti karibu haipo. Vuka tena ziwa, uje Tanzania. Mwaka 2015-16 taifa lilikuwa na 34, lakini mkoa wa Rukwa ulikuwa na 56, sawa na Burundi. Na Rukwa ni mkoa wa mahindi, unalisha wengine! Gunia limejaa, ila mtoto anakunywa uji mtupu, mama yuko shambani kutwa, na maji machafu yanaleta kuhara kila mwezi. Mwaka 2022 Rukwa ilikuwa bado karibu nusu ya watoto.

Weka hizo namba tatu pamoja: 53, 56, 56. Serikali tatu, pesa tatu, nyimbo tatu za taifa, na ziwa moja la Tanganyika. Mtoto wa mvuvi wa Fizi anafanana na wa Rumonge na wa ufukwe wa Rukwa kuliko anavyofanana na mtoto wa Kinshasa au wa Dar es Salaam. Sasa niambieni tunachekana nini.

Kwa nini najisumbua na haya? Kwa sababu hapa kambini namba si mchezo wa shule. Watu wanazungumzia kurudi kila siku. Dada mwenye mimba ya miezi sita anauliza, "Nikirudi nitajifungulia wapi?" Kumjibu "Burundi ni ya 187" ni sawa na kutomjibu. Kumjibu "nchi imetulia, nenda tu" ni vilevile.

Ninachowaambia vijana ni kuachana na jina la nchi na kuuliza habari za mahali. Kile kituo cha kwenye tarafa yenu kina mkunga usiku? Damu inapatikana umbali gani? Kujifungua ni bure kwenye tangazo tu, au hata dirishani? Kadi ya chanjo ya mtoto itakubaliwa huko? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Atakayekuwa ametangulia kurudi aulizwe kwa simu, na ajibu alichokiona, si alichosikia redioni. Majibu yake yanaweza kuwa matano tu, lakini ndiyo yatakayomsaidia dada yule kupanga safari yake, au kuiahirisha.