Mwembe wa Nyarugusu

Brasília, mji mkuu wa Brazili, ulichorwa kwanza kwenye karatasi, ukazinduliwa mwaka 1960. Nasi Kasulu tunao mkusanyiko mkubwa wa watu uliopangwa: kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 wakaongezeka Warundi.

Nilifika huko nikitokea Kibondo. Niliona kanda, vijiji vyenye namba, na nyumba za matofali ya udongo. Mama mmoja alinionyesha mwembe alioupanda mwenyewe.

“Tuliambiwa tutakaa kwa muda tu,” alisema.

Wajukuu wake walikuwa wakicheza kivulini. Katika sala ya waamini huwa tunawaombea wakimbizi. Watoto wale hawakukimbia popote, walizaliwa Kasulu. Tuwaombee pia kama majirani.