Godoro Moja, Migongo Miwili

Kwa muda wa miezi minane mume wangu alilala chini, juu ya mkeka, nami nikalala peke yangu juu ya kitanda cha futi sita kwa sita tulichopewa na marehemu baba yangu siku ya harusi yetu. Ninaliandika jambo hili baada ya kumtaka ruhusa mwenyewe. Alicheka, akasema niandike tu, kwani pengine iko nyumba nyingine mtaani ambamo mkeka umetandikwa na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu.

Alipoanza alisema ni joto. Ulikuwa mwezi wa Februari, na katika nyumba zetu za Mji wa Kale, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako, udhuru wa joto haupingiki. Lakini joto likaondoka, masika yakanyesha, kusi ikavuma, na mkeka ukabaki pale pale. Hapo moyo wangu ukaanza kuhesabu. Nikahesabu safari zake, simu zake, na siku alizochelewa kurudi baada ya Isha. Wifi yangu alikuja kukaa nasi siku chache, akauona ule mkeka asubuhi kabla sijawahi kuukunja. Hakusema neno, ila alinitazama kwa jicho ambalo kila mwanamke aliyeolewa katika pwani hii analifahamu. Nikadhani ananihurumia kwa habari aliyonayo yeye nami sina. Mume wangu ni mtu wa dini na riziki yake yatosha. Kama alikusudia nyumba ya pili sikuwa na hoja ya kumzuilia. Nilichotaka ni kulisikia kutoka kinywani mwake. Nami sikuuliza, kwa sababu aulizaye hujibiwa.

Aliyeuliza ni mavyaa wangu. Alikuja kutuzuru siku ya Ijumaa, akamwona mwanawe akiswali sunna juu ya kiti. Nami nilikuwa nimekiona kile kiti kwa wiki kadhaa, lakini mtu aliyejaa shaka huona kile tu anachokitafuta. "Mgongo umekupata lini wewe?" akamuuliza. Mume wangu akainamisha kichwa kama mtoto wa madrasa, akasema, "Tangu liingie lile godoro, mama."

Godoro lile nililinunua mimi. Nililinunua kwa zamu yangu ya chama, fedha niliyoingoja mwaka mzima, kwa kuwa bega langu la kulia lilikuwa likiniuma usiku hata sipati usingizi. Lilikuwa la sponji, unene wa inchi kumi, laini kama maandazi yaliyoumuka. Mume wangu ni mtu mwenye mwili, ameendesha lori kutoka bandarini hadi Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini, na uti wake wa mgongo ulikuwa umekwisha kuchoka kabla ya siku hiyo. "Ulilifurahia sana siku lilipoletwa," akaniambia tulipobaki wawili. "Nikaona si uungwana kukuambia kwamba linaniua." Sikujua nicheke au nilie. Miezi minane nilikuwa nikimdhania mwanamke mwenzangu, kumbe mshindani wangu ni godoro langu mwenyewe.

Siku ile ile tukaamua kutafuta godoro gumu. Katika jamaa zetu ushauri ni mmoja: mgongo ukiuma, lala pagumu. Tena wazee hutukumbusha kuwa godoro la Mtume s.a.w. lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende, na ni kweli, hadithi hiyo ni mashuhuri. Lakini mume wangu hakulala chini kwa kuipa dunia mgongo. Ni mgongo uliokuwa umemkataa. Tukanunua sponji ngumu. Yeye akapata nafuu kidogo, si nyingi. Mimi nikawa naamka alfajiri mkono umekufa ganzi, nautikisa kwanza kabla ya kutia udhu.

Daktari wa mifupa ndiye aliyetuzindua. Alimweleza mume wangu kwamba pagumu kabisa si dawa ya kila mgongo, akamtajia utafiti uliofanywa Uhispania na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet. Watu 313 wenye maumivu ya kudumu ya kiuno walipewa magodoro pasipo kuambiwa lipi ni lipi, wengine magumu na wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Kisha akatuambia neno ambalo hadi leo nawaambia wenzangu: ugumu wa godoro haumo ndani ya godoro peke yake, umo pia katika uzito wa anayelilalia na namna anavyolala. Mtu wa kilo mia na mtu wa kilo hamsini na tano hawalali juu ya godoro moja, hata kama ni lile lile. Lililo la wastani kwangu, kwake ni shimo. Na mimi hulala ubavu wa kulia, kama nilivyofundishwa utotoni, kwa hiyo bega na nyonga hubeba mwili wote; zisipozama kidogo, uti wa mgongo hupinda na mkono hukosa damu. Yeye hulala chali, kiuno chake chahitaji kushikiliwa.

Sikujua kwamba kuna godoro la utomvu wa mpira, yaani lateksi, hadi muuza magodoro mmoja alipotufungulia zipu tukaona kilichomo. Mpira wenyewe si mgeni kwetu. Karne ya 19 utomvu wa mibungo ya mwituni ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa kutoka pwani hii. Wa magodoro ni wa mti mwingine, mpira uliotoka Amerika ya Kusini ukaenea Asia. Utomvu hupigwa hadi ukawa povu, ukamiminwa katika kalibu, ukapikwa pamoja na salfa hadi ukashikamana. Njia kongwe huitwa Dunlop, ya tangu mwaka 1929 huko Uingereza, nayo hutoa godoro zito na lililoshupaa zaidi upande wa chini. Njia ya Talalay huligandisha lile povu kwa baridi kabla ya kulipika, likatoka jepesi na lenye ulaini ulio sawasawa. Tofauti na sponji, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, lateksi ukiibonyeza huinuka papo hapo, wala haikawii kusahau mwili wa jana. Mwenye mwili mzito hamchimbii mwenzake bonde la kuporomokea.

Lakini tahadhari, kwani si kila kilichoandikwa lateksi ni lateksi. Duka la kwanza tulilokwenda, neno hilo lilikuwa limetariziwa kwa nyuzi za dhahabu, na ndani mlikuwa na sponji iliyovikwa tabaka la inchi moja tu. Omba ufunguliwe. Lateksi ina vitundu vidogo vya kupitisha hewa, na uzito wake utakushangaza. Na mwenye mzio wa mpira, yule ambaye glavu za mpira humtoa vipele, amwone daktari kwanza.

Daraja zake ni laini, wastani na gumu. Wengine huweka nambari inayoonyesha nguvu inayohitajika kulibonyeza robo ya unene wake. Ikipanda nambari, umezidi ugumu. Nambari hizo zafaa kwa kulinganisha, ila mgongo hausomi nambari. Lazima mtu alale. Hapo nikapata mtihani wangu, maana mwanamke aliyevaa buibui hajilazi dukani mbele ya wateja. Muuzaji, Mungu amjazi kheri, alituambia turudi baada ya Adhuhuri wakati duka limetulia, akatuachia chumba cha nyuma. Binti yangu akashika pazia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa ananielekeza, "Mama, shingo imeinama. Sasa imenyooka." Robo saa nzima nimelala ubavu, nikihisi haya kama bi harusi. Mume wangu naye akalala chali, muuzaji akampitisha kiganja chini ya kiuno. Kiganja kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno. Kikikwama, ni laini mno. Kikipita kwa kujisugua, ndilo.

Lake lilikuwa gumu chini na wastani juu. Langu, wastani chini na laini juu. Nikamtazama muuzaji, nikasema, basi tumerudi kule kule, kila mtu na lake. Akasema, "Mama, kitanda chenu si sita kwa sita? Chukueni mawili ya tatu kwa sita, myalaze pamoja."

Jambo jepesi hivyo, na hatukulifikiria kwa karibu mwaka mzima! Bei yake ilikuwa nzito, sifichi. Tuliilipa kwa awamu, na safari yangu ya Lamu ikaahirishwa. Lakini hata ngazi za nyumba yetu zilishukuru. Mkokoteni uliishia kichochoroni, na wachukuzi wakayapandisha moja moja. Lingekuwa moja la sita kwa sita, lingelala nje. Seremala naye aliongeza vibao katika kitanda cha baba, kila kimoja kisipite inchi tatu kutoka kwa mwenzake, kwa sababu lateksi yahitaji kushikiliwa na pia kupata hewa kutoka chini, hasa kwa unyevunyevu wetu huu wa pwani.

Kosa moja nusura nilifanye. Mama yangu alitulea kwa godoro la sufi, na kila Jumamosi lilipanda darini kuanikwa. Nilikuwa nimekwisha kumwita kijana anisaidie kuyapandisha, mume wangu akanikumbusha: jua kali huikausha lateksi ikapasuka na kumong'onyoka. Sasa tunayainua chumbani, madirisha wazi, kivulini.

Nililochukia ni ule mfereji wa katikati. Usiku wa kwanza niliuona kama mpaka, nikakumbuka ile miezi minane. Nikatoa mfarishi wa pamba alioniachia mama, nikautandika juu ya yote mawili, juu yake shuka moja. Ufa haupo kwa jicho, na kwa mwili ni kidogo sana. Faida yake ni kwamba yeye aamkapo usiku kuswali, mimi sitikisiki.

Nisiseme kwamba mgongo umepona. Siku za baridi bado hukilalamikia kiuno, na wiki mbili za mwanzo sote wawili tulilala kwa mashaka hadi miili ikazoea. Lakini kiti kimerudi sebuleni, na mkono wangu waamka pamoja nami.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja tena. Asubuhi akapita mlangoni kwetu, akatupa jicho chini, hakuona kitu. "Ule mkeka uko wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali. Nikamwambia uko darini, tunaanikia maembe ya achari.