Viboko wa Sitalike na kadi ya kliniki

Kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike si mbali, gari hufika kabla mtoto hajaanza kuuliza chakula. Mgeni akishuka mwezi wa kumi huwasikia viboko kabla ya kuwaona. Wanakoroma chini ya ukingo wa Mto Katuma, hatua chache kutoka kwenye nyumba za watu, wamebanana kama magunia ya mpunga ghalani.

Katavi hupata msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo mto hunywea, mbuga za Ziwa Katavi na Chada hukauka, na viboko wa Hifadhi ya Taifa Katavi hujazana kwenye madimbwi yaliyosalia, kama pale Ikuu. Ngozi yao haivumilii jua. Madume hupigana, ndama hukanyagwa, nao mamba huingia kwenye mapango ya kingo kusubiri mvua.

Kiangazi wamekizoea. Kilichobadilika ni maji kuchepushwa kwenda mashamba ya mpunga juu ya hifadhi, mto ukawahi kukauka. Na mpunga huo ndio ada na sare za shule, kwa hiyo tusiharakishe kumnyooshea mkulima kidole.

Je, viboko wanahimili? Mama hajui afya ya mwanawe kwa kumpima uzito mara moja. Hutazama mstari kwenye kadi ya kliniki, ulishuka kiasi gani alipougua na ulichukua muda gani kupanda tena. Viboko nao huhesabiwa kiangazi baada ya kiangazi, wakiwa wamekusanyika. Kuna mtego lakini. Dimbwi likijaa kupita kawaida, mtu anaweza kufurahi kuwa wameongezeka, kumbe wamekimbia madimbwi yaliyokauka. Ndiyo maana ni lazima kuhesabu mto mzima.

Tena hesabu ya vichwa peke yake hudanganya. Jike hubeba mimba miezi minane, huzaa ndama mmoja, kisha hukaa muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Dimbwi la wakubwa watupu bila ndama ni kama kijiji kisicho na wodi ya wazazi.

Mwaka 1987 ugonjwa wa kimeta uliua zaidi ya viboko 4,000 katika bonde la Luangwa, Zambia. (Nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa isiingie jikoni kamwe, hata kama ni bure.) Leo Luangwa bado inasifika kwa viboko wengi. Wale walipoteza wenzao, ila mto walibaki nao.

Sitalike jua likizama, viboko hupanda ukingo mmoja mmoja kwenda kula majani, hadi kilo 40 kwa usiku. Akina mama huwaita watoto ndani. Ndama huonekana saa hiyo, wakiwa ubavuni mwa mama zao.