Paka Wetu Mcha Mungu

Mimi si mshairi. Naandika riwaya, imefika sura ya saba kwenye kauntabuku, na mashairi nilikuwa nayaona kazi ya wazee wanaohesabu vidole. Lakini riwaya ilinikwama, nikasema nijichekeshe kwa kumtungia shairi paka wa bibi, yule wa zamani aliyefukuzwa kwa wizi wa samaki. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Amelala barazani, macho yake kayafumba,
Harufu yatoka ndani, yeye tuli kama mwamba,
Changu yumo sahanini, hata ndevu hajalamba,
Paka wetu mcha Mungu, samaki kwake haramu.

Kwa sheria alizochapisha Amri Abedi mwaka 1954, hii ni tarbia safi. Mishororo 4, kila mmoja mizani 16, yaani 8 huku na 8 huku. Ukipata 7 kwenye "Paka wetu mcha Mungu", umesahau kwamba ile m ya "mcha" ni mizani peke yake. Vina ni -ni na -mba. Kibwagizo nimekiachia vyake makusudi: sikio limezoea -mba mara tatu, ghafla linapigwa -mu. Hapo ndipo mtu anacheka.

Halafu kuna kule kurudia. Ubeti wa kwanza kibwagizo ni sifa. Wa pili, paka keshasogea mlangoni, kinanuka kejeli. Wa tatu sahani tupu, na maneno ni yaleyale, sikuongeza hata herufi. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 wapo wanaosema vina ni pingu, na mimi nilikuwa upande wao. Lakini kwenye mzaha, bwana, pingu zinasaidia.

Basi jioni nikamsomea bibi akipepeta mchele. Bibi hajasomea mizani, ila kaimba ngoma za harusi tangu usichana wake. Nilipofika kwa yule samaki akaniuliza, "Changu, au chako?" Nikacheka, nikaendelea mpaka ubeti wa tatu:

Sahani ikawa tupu, paka kweli kala yote

Ungo ukasimama.

"Mume wangu, hilo 'kweli' linafanya nini hapo?"

"La mizani, bibi. Nikilitoa zinabaki 6, shairi linakuwa guni."

"Kwa hiyo umelipachika."

"Nimelipachika."

"Toa yote mawili, paka na kweli. Weka mjukuu."

Nikahesabu vidoleni, nikiomba zizidi. M-ju-ku-u ka-la yo-te. Nane kamili.

Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba alimtia yule paka kwenye gunia, akaenda kumtupa huko soko la samaki. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nimeificha nyuma kwa sababu ilikuwa bado inanuka. Paka hakurudi. Bibi alijua lini, sikuthubutu kuuliza.

"Haya, nisomee kile cha mwisho," akasema.

Nikasoma. Paka wetu mcha Mungu, samaki kwake haramu. Mara ya nne hiyo, na nilichokiandika kama kejeli kumbe kilikuwa habari tu. Bibi hakucheka. Akatoa chuya moja, akaitupia kuku, akaendelea na mchele wake.