Kuzama Tshangalele

Likizo hii watoto walitaka kujifunza kuzama, basi tukawapeleka ziwa Tshangalele. Tulipita Kapolowe, mbele yake barabara iliharibika, tukashuka na kutembea, sufuria kichwani, mpaka ukingoni.

Ziwa hili ni mto Lufira uliozuiwa na ukuta wa Mwadingusha, ambapo umeme unatoka tangu 1930. Maji yalifunika uwanda, kwa hiyo hayana kina, na chini ni matope. Ukizama, hata mkono wako huuoni. Ndiyo sababu tulikataza kuruka kichwa mbele: waliingia kwa miguu, mama mmoja ndani ya maji, mwingine akihesabu vichwa.

Mto Panda, unaopita kwetu Likasi penye viwanda vya shaba, unaingia Lufira. Tulichagua ukingo wa mbali nao, wala hatukunywa maji yale.

Jambo moja tusisahau: konokono wa bilharzia hukaa penye majani, na maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa na ugonjwa. Mtoto aliyeogelea akikojoa damu, hata kisha miezi, tumpeleke kwa munganga. Dawa iko.