Nchi 18, na Msimbati Haimo

Muhula uliopita mhadhiri wetu alitupa kazi: linganisha mifumo ya vyombo vya habari ya sehemu mbili za dunia, kurasa nane, mwisho Ijumaa. Darasa zima likakimbilia Marekani na Uingereza. Siwalaumu, vitabu ndivyo vilivyo. Kile ambacho kila mtu ananukuu, cha Hallin na Mancini cha mwaka 2004, kinazipanga nchi 18 katika mafungu matatu: nchi za Mediterania, ambako magazeti yameshikana sana na vyama; Ulaya ya kaskazini na kati, ambako vyama ni imara lakini waandishi nao wana umoja wao wenye nguvu; na fungu la Marekani, Uingereza na wenzao, ambako soko ndilo bwana mkubwa. Zote za Ulaya Magharibi na Amerika ya Kaskazini. Wenyewe hawakuficha, na mwaka 2012 walihariri kitabu kingine kuhusu nchi za nje ya Magharibi. Ila nakala ya hicho cha pili kwenye kundi letu la WhatsApp ilikuwa haifunguki, basi tukabaki na cha kwanza.

Mimi nimekulia Msimbati, Mtwara, karibu na mdomo wa Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Bibi yangu mzaa mama kazaliwa huko ng'ambo, na redio yake ya mawe mawili ndiyo iliyonifundisha somo hili kabla ya chuo. Asubuhi TBC Taifa. Jioni BBC Kiswahili, au Deutsche Welle kama BBC inakwaruza. Usiku anatafuta Redio Msumbiji, Kireno anakisikia. Siku moja nikamuuliza, bibi, zote hizi za nini? Akanijibu, "Mume wangu, hii ya kwetu inaniambia serikali imesema nini. Ya Wazungu inaniambia serikali imeficha nini. Mimi nataka kujua Palma leo kukoje, na hiyo bado sijaipata."

Mwaka 2021 nilikuwa nyumbani, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa shule. Tarehe 17 Machi usiku, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza kwenye televisheni ya taifa kifo cha Rais Magufuli. Toka hapo redio ni nyimbo za maombolezo kutwa kucha. Tarehe 24, wiki moja baadaye, Palma ikavamiwa. Mjomba wangu alikuwa Palma. Ana kibanda cha vitunguu na sabuni, mzigo anauvusha kutoka Mtwara. Jioni ya tarehe 23 aliongea na mama, wakabishana kuhusu deni. Siku iliyofuata simu haipatikani. Mtandao wa Palma wote ulikuwa umekatika.

Sasa linganisha.

Redio na televisheni za kwetu zilikuwa msibani. Dodoma, Zanzibar, Mwanza, hadi mazishi Chato tarehe 26. Sina ugomvi na hilo, nchi ilikuwa imefiwa na sisi tulilia pia. Lakini kutoka kwetu hadi Palma, ukipima kama kunguru anavyoruka, hazifiki kilomita 60, na kutoka kwetu hadi Chato ni nchi nzima. Vyombo vya nje ndivyo vilivyokuwa na Palma, na ramani wakachora. Tukakaa tumezunguka redio. Habari kubwa ikawa hoteli ya Amarula, ambako watu karibu mia mbili walikuwa wamekwama, wakiwemo wageni, na mradi wa gesi wa Total pale Afungi. Mjomba hakuwa Amarula. Mjomba hajawahi kulala hoteli yenye jina maishani mwake. Usiku bibi akafungua Kireno, akatutafsiria: jeshi linasema linaendelea na kazi. Akazima.

Palma yenyewe ilikuwa na redio ya jamii. Ndiyo ambayo ingetuambia mtaa upi umeungua na watu wamekimbilia upande gani. Mmoja wa waandishi wake, Ibraimo Mbaruco, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, karibu mwaka mzima kabla ya uvamizi. Ujumbe wake wa mwisho kwa mwenzake ulisema amezungukwa na wanajeshi. Hajaonekana tena. Nikisoma mjadala wa soko dhidi ya serikali huwa namkumbuka huyu, kwa sababu redio yake haikuwa soko wala serikali, na ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote.

Ikabaki simu. Video zilikuja, nyingine za Palma kweli, nyingine za miaka na nchi nyingine kabisa. Mama alizitazama zote, anatafuta shati la kaka yake. Kaka yangu mkubwa akasema msitume kwa mtu, kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, habari ya uongo ni kesi. Sasa wewe mwenye ndugu huko utajuaje ipi ya uongo? Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu huu wa mto, kilishambuliwa. Sisi tulisikia kwa bodaboda, taarifa rasmi ikaja siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo tulishazoea kwamba cha kweli kinatangulia kwa mdomo.

Niliporudi kwenye kurasa zangu nane nikaona swali la mafungu matatu halinisaidii sana. Nikauliza la kijijini: nani analipa ili habari ya mahali padogo ipatikane? Norway, tangu 1969, serikali inatoa ruzuku kwa magazeti, na vijigazeti vya miji midogo vinaishi. Uingereza mwenye televisheni analipia leseni, na BBC inapata fedha zake. Kwetu mtiririko umekuwa kinyume: mwandishi ndiye anayelipa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie leseni kwa ada iliyopita shilingi milioni moja. Kijana wa Msimbati mwenye simu na bando la wiki aitoe wapi? Magazeti nayo yana leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti, na leseni zikarudishwa Februari 2022. Kurudishwa ni jambo jema. Ila hata yalipokuwa wazi, sikumbuki hata moja likiwa na mwandishi kijijini kwetu.

Mjomba alirudi siku ya tisa. Kwa ajili ya kazi hii nilimpigia, nikamwamkia, nikamwomba anisimulie upya, taratibu, naandika. Kumbe alikuwa na kiredio mfukoni. Usiku, ndani ya mikoko, alikifungua kwa sauti ndogo, kikashika Tanzania. Akasikiliza mazishi ya Chato akiwa amechutama kwenye tope.

"Nilikuwa nangoja waseme kama njia ya Kionga inapitika," akasema.

"Wakasema?"

"Watasemaje, mjomba? Asubuhi nikakutana na mama mmoja anatokea huko, kabeba mtoto na sufuria. Nikamuuliza, kunapitika? Akasema kunapitika, pita na pwani. Nikapita na pwani."

Nikaiandika hivyo hivyo, ukurasa wa saba. Pembeni yake mhadhiri kaweka kalamu nyekundu: "Chanzo?" Nilimpigia mjomba kumweleza. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza vitunguu Dar sasa hivi gunia bei gani.