Nimeifuta video yangu ya Mbaruk

Wengi mmeniuliza ile video iko wapi. Nimeifuta mwenyewe. Wacha niwaambie kwa nini.

Majuzi nilivuka feri pale Likoni, nikapanda matatu mpaka Gazi, nikajirekodi nikisema Mbaruk bin Rashid al-Mazrui ndiye simba wetu wa Pwani. Komenti zikamiminika. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, nikajiona profesa.

Na sikudanganya. Babake alikuwa liwali wa mwisho wa ukoo wa Mazrui Mombasa. Seyyid Said alipouteka mji 1837, babake akakamatwa na kupelekwa kifungoni. Mbaruk akakua na kinyongo hicho. Akajikita Gazi, akapigana na masultani wa Zanzibar miaka na miaka. 1895 Waingereza walipotwaa Pwani na kuingilia nani arithi Takaungu, akawageuzia bunduki. Agosti hiyo Admeri Rawson akaivunja ngome yake ya Mwele, huko Kwale. Wapi! Hakukoma, mpaka wakaletwa wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam, 1910.

Stori tamu, si ndiyo? Basi nikamwonyesha nyanya, nyumbani Kisauni.

Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Umesema alikuwa na mashamba, mjukuu wangu. Nani alikuwa akiyalima?"

Nikanyamaza.

Manake sisi ni watu wa Kengeleni. Ile kengele mnayoipita na matatu kila siku ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wazee wanasema ilikuwa ikigongwa kuonya kwamba washika watumwa wanakuja. Ukoo wa nyanya umetoka hapo. Alipokuwa mdogo, wenzake walimwita mtoto wa mateka. Ni mzee sasa, na neno hilo bado halijamtoka.

Na mashamba ya Mazrui, kuanzia Gazi hadi Takaungu, yalilimwa na watumwa. Simba wangu alikuwa anakula jasho la watu aliowamiliki. Uhuru aliupigania kweli, lakini wa ukoo wake.

Najua kuna mtu ataandika, "Bro, ndivyo dunia ilivyokuwa." Dunia ya nani? Miaka hiyohiyo watumwa walikuwa wanatoroka, wanakimbilia Rabai, wengine wanajijengea kijiji chao Fuladoyo, huko ndani Kilifi. Hao pia waliishi dunia hiyo, na waliikataa.

Na Mwingereza msimpigie makofi. Utumwa aliufuta kisheria ukanda huu 1907, na fidia akawalipa mabwana. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi. Mwenye uwezo wa kudai akaandikishwa. Waliolima, na Wamijikenda wengi waliokuwa hapo tangu zamani, wakabaki maskwota. Kwa hivyo kama kwenu, Likoni au Kisauni, mmejenga lakini hati ya kiwanja hamna, hii si historia ya watu wengine.

Simchukii Mbaruk. Alikuwa jasiri, na alimiliki watu. Yote mawili ni kweli, na mimi niliwapa moja tu kwa sababu ndiyo iliyoleta watazamaji.

Nitairekodi upya. Bunduki zake zitakuwemo, Mwele itakuwemo. Ila safari hii naanzia Kengeleni, na nyanya amekubali kuongea. Sharti lake ni moja: sauti tu, uso usionekane. Miaka yote hii, na bado ni yeye anayeona haya.